Namba Zikijirudia, Tumshitaki Nani?

Kuna neno fupi ambalo twalisikia kila siku midomoni mwa watu wetu, wenye elimu na wasio na elimu: "Hili si bure." Tiketi ya bahati nasibu yenye tarakimu mbili zilizo sawa ikishinda, husemwa si bure. Watoto wawili wakizaliwa siku moja na kukaa dawati moja, husemwa si bure. Nyumba moja ikifiwa mara ya pili kabla machozi ya matanga ya kwanza hayajakauka, neno hilo hilo husemwa tena, safari hii kwa sauti ya chini, nalo huwa na hatari kubwa zaidi: si bure, kuna mtu. Leo twapenda kuwauliza wasomaji wetu wapenzi swali moja la haki. Je, jambo likijirudia, kujirudia kwake peke yake kwatosha kuwa ushahidi juu ya binadamu mwenzetu?

Huenda wengine wakadhani swali hili ni la mahakimu na mawakili. Sivyo. Ni swali la baba anayemhukumu mtoto wake, la mwalimu anayesahihisha mitihani, la jirani anayesikiliza maneno kisimani. Wala si swali linaloweza kujibiwa kwa moyo mwema tu. Mtu mwema asiyejua kuhesabu aweza kumwangamiza asiye na hatia, huku akiamini kuwa anatenda haki. Basi hatuna budi kuanza na hesabu. Si hesabu ngumu. Mtoto wa darasa la sita aweza kuifuata, na tungefurahi ikiwa wazazi wataisoma pamoja na watoto wao, kalamu mkononi.

Tuseme chama fulani chauza tiketi 10,000 ili kupata fedha za kuezeka paa la shule. Namba zaanzia 0000 na kuishia 9999. Siku ya kuchezesha, mbele ya umati, yatoka namba 4774, na mwenye tiketi hiyo ni ndugu yake mwenyekiti. Mara moja minong'ono yaanza: "Itazameni namba yenyewe! Nne mbili, saba mbili. Namba ya kawaida haiwi hivyo. Hii imepangwa."

Tuhesabu. Je, ni tiketi ngapi zisizo na tarakimu iliyojirudia? Tarakimu ya kwanza yaweza kuwa yoyote kati ya 10. Ya pili, ili isifanane na ya kwanza, yabaki na nafasi 9. Ya tatu yabaki na nafasi 8, na ya nne nafasi 7. Tukizidisha 10 kwa 9 kwa 8 kwa 7, twapata 5,040. Maana yake ni kwamba katika tiketi zote 10,000, zile ambazo tarakimu zake zote ni mbalimbali ni 5,040, na zilizobaki, yaani 4,960, zina tarakimu iliyojirudia. Ni karibu nusu kwa nusu. Anayeshangaa kuona tarakimu ikijirudia katika tiketi iliyoshinda ni sawa na mtu arushaye shilingi juu na kustaajabu kwamba imeanguka upande wa kichwa.

Mnong'onaji atajibu: "Lakini hii si kujirudia kwa kawaida. Zimejirudia mbili mbili." Ni kweli, namba za namna hiyo ni chache zaidi. Kuna jozi 45 za tarakimu tofauti, na kila jozi yaweza kupangwa kwa njia 6. Zote pamoja ni namba 270 katika 10,000, yaani kama moja katika kila 37. Walakini twamwomba rafiki yetu atujibu kwa uaminifu: kama ingalitoka 7777, asingalishangaa? Kama ingalitoka 1234, asingalishangaa? Na 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika? Na mwaka aliozaliwa yeye mwenyewe, au namba ya nyumba yake? Angalishangaa kwa zote hizo, na kwa nyingine nyingi ambazo hakuziwaza kamwe kabla ya mchezo. Hapo ndipo tunapodanganyika. Hatutangulii kuiandika namba ya ajabu, kisha tukangoja ije. Twangoja namba ije, ndipo twatafuta sababu ya kuiita ya ajabu. Na atafutaye namna hiyo hakosi.

Jinsi tarakimu zinavyozidi kuwa nyingi, ndivyo kujirudia kunavyozidi kuwa jambo la lazima. Katika namba za tarakimu tatu, 280 kati ya 1,000 zina tarakimu iliyojirudia. Katika zile za tarakimu tano ni 69,760 kati ya 100,000. Katika zile za tarakimu sita ni 848,800 kati ya 1,000,000. Zikifika saba, ni karibu 94 katika kila 100. Zikifika kumi, namba ambazo kila tarakimu yatokea mara moja tu hazifiki 4 katika kila 10,000. Na zikifika kumi na moja hakuna tena suala la bahati: tarakimu ni kumi tu, basi moja haina budi kurudi, kama vile njiwa kumi na mmoja wasivyoweza kulala katika vitundu kumi pasipo wawili kulala pamoja. Msomaji akitaka kutujaribu, na atazame tarakimu sita za mwisho za namba za simu za jamaa na rafiki zake. Akipata 100, ategemee kuona kama 85 zenye kujirudia. Asiwashitaki kwa hilo.

Jambo la kustaajabisha kweli ni lingine: kwamba akili ya binadamu huogopa kurudia. Mwambie mtu aandike tarakimu ovyo ovyo, bila mpango wowote. Akisha kuandika 7, ataona haya kuandika 7 tena mara ile. Atakimbilia 2, kisha 9, kisha 4. Lakini nasibu ya kweli haina haya. Katika mfululizo wa tarakimu zilizotolewa kwa nasibu, kila tarakimu hufanana na ile iliyoitangulia mara moja katika kila mara kumi. Mwaka 1955 shirika la RAND la Marekani lilichapa kitabu kizima chenye tarakimu 1,000,000 zilizotolewa kwa nasibu kwa msaada wa mashine, kwa ajili ya kazi za wataalamu. Katika tarakimu nyingi namna ile, kwa hesabu tu, yapasa kutazamia kama mara 100 hivi tarakimu moja itokee mara tano mfululizo. Mtu asiyejua, akifungua ukurasa na kukuta 33333, atasema mashine imeharibika. Kumbe ingekuwa imeharibika kama jambo hilo lisingetokea kamwe. Basi mara nyingine daftari la hesabu lisilo na marudio yoyote ndilo lenye kutia shaka zaidi kuliko lenye marudio.

Ni vivyo hivyo na siku za kuzaliwa. Wengi wetu tungedhani kwamba ili watu wawili wapatane siku ya kuzaliwa, lazima wakusanyike mamia. Walakini wakikusanyika watu 23 tu, uwezekano wa wawili kupatana wapita nusu. Katika darasa la watoto 50 uwezekano huo wafika 97 katika 100. Kwa nini? Kwa sababu hatuulizi kama kuna mtu aliyepatana na Yohana au na Maria. Twauliza kama kuna yeyote aliyepatana na yeyote. Watu 23 hufanya jozi 253, na kila jozi ni nafasi moja ya kupatana. Jicho laona watoto, halizioni jozi. Ndiyo maana sadfa hutushika ghafula kama mwizi, hali nafasi zake zilikuwa mbele yetu tangu mwanzo.

Haya yote si mchezo wa darasani tu. Mwezi Septemba 2009, katika nchi ya Bulgaria, bahati nasibu ya taifa ilitoa namba 4, 15, 23, 24, 35 na 42 katika mchezo wa tarehe 6. Na katika mchezo uliofuata, tarehe 10, zikatoka namba zile zile sita. Mara ya kwanza hakuna aliyekuwa amezibashiri zote. Mara ya pili walishinda watu 18. Nchi ikachafuka kwa maneno, na serikali ikaamuru uchunguzi ufanywe. Uchunguzi ulifanywa, na udanganyifu haukuonekana. Huenda wale 18 walikuwa wamefanya jambo wanalolifanya wachezaji wengi: kuzichukua namba zilizokwisha kutoka.

Je, yawezekana kweli? Tuchukue mchezo wa namna hiyo unaojulikana sana ulimwenguni, wa kuchagua namba sita kati ya 49. Mafungu yote yanayoweza kutoka ni 13,983,816. Kwamba fungu la leo litarudi katika mchezo ujao, ni tumaini dogo mno. Lakini tukiuliza kama katika historia ya mchezo huo kuna fungu lolote lililopata kurudi siku yoyote, hapo jibu labadilika kabisa, kama vile kwa siku za kuzaliwa. Baada ya michezo 4,404 uwezekano wapita nusu. Na kwa michezo miwili kila juma, hiyo ni miaka 42 na miezi kadhaa. Na nchi zenye michezo ya namna hii ni nyingi. Kwa hiyo kwamba namba zitarudi mahali fulani, siku fulani, ni jambo la kutazamiwa. Kwamba zilirudi Bulgaria, tena katika michezo miwili iliyofuatana, hiyo ilikuwa zamu yao ya kushangaa.

Hatutaki msomaji adhani twamfundisha kuwa kila kujirudia hakuna hatia. Upumbavu wa kuamini kila kitu si dawa ya upumbavu wa kushuku kila kitu. Tarehe 24 Aprili 1980, katika jimbo la Pennsylvania huko Marekani, mchezo wa kila siku wa namba za tarakimu tatu, uliochezeshwa katika televisheni mjini Pittsburgh, ulitoa namba 666. Safari hii palikuwa na mkono wa mtu. Mtangazaji wa mchezo, Nick Perry, pamoja na wenzake, walikuwa wamepanga njama: mipira yote ilitiwa rangi ndani kwa sindano ili iwe mizito isipande juu kwa hewa, isipokuwa mipira ya 4 na ya 6. Kwa hiyo zilibaki namba nane tu zilizoweza kutoka, kutoka 444 mpaka 666. Mwaka 1981 Perry alihukumiwa, akafungwa gerezani.

Twaomba msomaji aangalie sana ni kitu gani kilichowafunga watu wale. Je, ni zile sita tatu? Hapana. Namba 666 ina nafasi moja katika 1,000, sawasawa kabisa na 583 au 209, ambazo hakuna mtu angalizigeukia. Kilichowafunga ni kwamba kabla ya mchezo watu wachache walikuwa wamezunguka wakinunua tiketi nyingi mno za namba zile nane, na hakuna nyinginezo; tena baadhi ya walioshiriki walisimama mahakamani wakaeleza yote. Yaani palikuwa na mtu aliyejua mapema, palikuwa na njia iliyotumika, na palikuwa na mashahidi. Namba iliamsha shaka, na hiyo ndiyo kazi yake halali. Shaka yafungua mlango wa uchunguzi. Haikai katika kiti cha hakimu.

Sasa twafika penye uchungu. Nchini Uingereza palikuwa na mama mmoja, Sally Clark, mwanasheria kwa kazi yake. Mtoto wake wa kwanza alikufa ghafula mwaka 1996 akiwa na majuma machache. Wa pili akafa vivyo hivyo mwaka 1998. Mara mbili! Watu wakasema kwa Kiingereza lile neno letu, "si bure". Mwaka 1999 alishitakiwa kwamba amewaua, na daktari bingwa akaiambia mahakama kwamba katika jamaa ya namna ile nafasi ya mtoto kufa ghafula kwa kifo kisichoelezeka ni 1 katika 8,543. Basi wawili kufa hivyo ni 8,543 mara 8,543, yaani 1 katika milioni 73. Wazee wa baraza walisikia hesabu hiyo pamoja na ushahidi mwingine, wakamwona ana hatia, naye akahukumiwa kifungo cha maisha.

Hesabu hiyo ilikuwa na makosa mawili, na kila mzazi yafaa ayajue. Kosa la kwanza: kuzidisha namna ile kwaruhusiwa tu pale ambapo tukio moja halina uhusiano na la pili, kama shilingi irushwayo mara mbili. Lakini watoto wa mama mmoja si shilingi mbili. Wana damu moja, nyumba moja, hewa moja. Kilichomwua wa kwanza chaweza kumrudia wa pili. Kosa la pili ni la hila zaidi. Hata kama namba ile ingekuwa sahihi, ilisema tu jinsi ilivyo nadra watoto wawili kufa hivyo. Haikusema jinsi ilivyo nadra mama kuwaua watoto wake wawili, jambo ambalo nalo ni nadra mno. Watoto walikuwa wamekwisha kufa. Palikuwa na maelezo mawili, yote mawili ya nadra, na haki ilidai yalinganishwe. Kulipima moja na kuliacha la pili ni kutumia mizani yenye kitanga kimoja.

Mwaka 2001 chama cha wataalamu wa takwimu cha Uingereza kilitangaza hadharani kwamba hesabu ile haina msingi. Baadaye ikafunuliwa pia kwamba matokeo ya vipimo vya mtoto wa pili, yaliyoonyesha vijidudu vya ugonjwa, hayakupelekwa kwa mawakili wa mama yule. Mwezi Januari 2003 akaachiliwa. Mwaka 2007 akafa, hakupata kupona majeraha ya moyo wake. Na asidhani mtu kwamba hilo lilitokea mara moja. Katika Uholanzi muuguzi Lucia de Berk alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2003, kwa sehemu kwa sababu ilisemwa kwamba kuwapo kwake zamu wakati wa vifo vingi kusingeweza kutokea kwa nasibu ila mara 1 katika milioni 342. Mwaka 2010 mahakama ilimwondolea hatia kabisa.

Hao ni watu wa nchi zenye mahakama kubwa, madaktari na vyuo. Na kwetu je? Kwetu mara nyingi hakuna hata daktari bingwa wa kukosea hesabu. Kuna nong'ono tu. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, kwa miaka mingi, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu katika ukoo au kwa jirani vifo vilifuatana, na mganga akaonyesha kidole. Na macho mekundu, yaliyotokana na moshi wa jikoni wa miaka sitini, yakatajwa kuwa ushahidi. Sikilizeni basi hesabu hii, wasomaji wapenzi, maana ndiyo iliyotufanya tushike kalamu leo.

Tuseme kwamba kila nyumba, kwa mwaka mmoja, ina hatari 1 katika 10 ya kupatwa na msiba mkubwa. Kila mwaka tuiandikie kila nyumba tarakimu moja kwa nasibu, na tarakimu 0 iwe ndiyo msiba. Baada ya miaka mitatu kila nyumba itakuwa na namba ya tarakimu tatu, kama tiketi. Katika nyumba 1,000, kwa wastani, 729 hazitakuwa na sifuri hata moja. 243 zitapatwa mara moja. 27 zitapatwa mara mbili. Na nyumba moja itakuwa na namba 000. Nyumba hiyo moja italia kila mwaka, miaka mitatu mfululizo, wala hapana mchawi, wala laana, wala jirani mwenye kijicho. Mwenye nyumba hiyo hazioni zile 729 zilizopona. Aona nyumba yake tu, na sifuri zake tatu, naye atauliza: "Nani?" Twamhurumia kwa moyo wote, nani asingeuliza? Lakini sisi majirani, tulioziona nyumba zote elfu, ndio tuliopaswa kumjibu kwa upole kwamba huenda hakuna nani.

Tena kama tulivyoona kwa mama yule wa Uingereza, misiba ya nyumba moja haitengani kama tarakimu za tiketi. Kisima kichafu huwanywesha watoto wote. Dimbwi la mbu nyuma ya nyumba halichagui mtoto. Na kuna ugonjwa wa selimundu, unaoonekana kwa wingi katika Kanda ya Ziwa. Baba na mama waweza kuwa wazima kabisa, kila mmoja akiwa ameubeba katika damu pasipo kujua. Na hapo kila mtoto wao azaliwaye ana nafasi 1 katika 4 ya kuugua. Wazazi wa namna hiyo wakipata watoto wanne, nafasi ya wawili au zaidi kuugua ni kama 26 katika 100. Mtoto wa kwanza adhoofika, wa pili adhoofika, na bibi yao aanza kutazamwa kwa jicho baya. Kumbe kipimo cha damu hospitalini kingeweza kusema kweli yote, na dawa ikatolewa mapema. Aliyemshitaki bibi alitenda maovu mawili kwa pigo moja: alimdhulumu asiye na hatia, na akamwacha mtoto wa tatu bila tiba.

Lipo kosa lingine, ndugu wa hili. Ni la yule aaminiye kwamba jambo lililojirudia sana haliwezi kujirudia tena. Mwaka 1913, katika nyumba ya kamari ya Monte Carlo, gurudumu lilitoa rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na wachezaji wakapoteza mali nyingi wakiweka fedha juu ya nyekundu, kwa kuwa walidhani zamu yake imefika. Gurudumu halina kumbukumbu wala huruma. Vijana wetu, ambao leo huchezea fedha za ada katika simu wakisema "nimekosa mara tisa, ya kumi lazima nipate", wanaikosea hesabu ile ile. Mmoja aona mkono wa mtu pasipo na mtu. Mwenzake aona ahadi pasipo na ahadi. Wote wawili wameipa nasibu nia, nayo haina.

Hapa Mkristo mmoja aweza kuuliza: je, kusema kwamba jambo limetokea kwa nasibu si kukana kwamba Mungu anaongoza yote? Swali hili ni la zamani. Mtakatifu Thoma wa Akwino alilitolea sura nzima katika kitabu chake alichokiandika kuwajibu watu wa mataifa, na jibu lake ni kwamba maongozi ya Mungu hayaondoi bahati wala sadfa katika ulimwengu. Aliyeumba mvua hakukataza matone mawili kuangukia jani moja. Tena angalieni: mwenye kusema "ni uchawi wa fulani" hakumpa Mungu heshima zaidi, amemwondolea maongozi yake, akayakabidhi kwa kikongwe wa jirani.

Basi tufanye nini siku neno la "si bure" litakapotujia mdomoni? Kwanza tujiulize: palikuwa na nafasi ngapi za jambo hili kutokea, si kwangu tu bali kwa watu wote ninaoweza kuwasikia? Pili: je, matukio haya yametengana kweli, au yana chanzo kimoja kisicho na hatia, kama kisima, damu, mwalimu mmoja aliyewafundisha wanafunzi wawili kosa moja? Tatu: mbali na kujirudia kwenyewe, nina ushahidi gani mwingine? Kuna aliyejua mapema? Kuna njia iliyoonekana? Kuna shahidi aliye tayari kusema mchana? Kama jibu la swali la tatu ni "hakuna", basi mtu huyo hana hatia mbele yetu, na jina lake ni amana mikononi mwetu kama fedha za mtu mwingine.

Wazazi, wafundisheni watoto wenu kuhesabu, si ili wapate kazi ya ukarani tu, bali ili wasiwe wepesi wa kuhukumu. Walimu, kabla ya kumchapa mtoto kwa sababu majibu yake yanafanana na ya jirani yake, tazameni wangapi wengine darasani walikosea swali lile lile kwa njia ile ile. Viongozi wa vijiji, nyumba ikifiwa mara ya pili, pelekeni watu hospitali kabla hawajafika kwa mganga, na mlindeni mama mzee wa nyumba ya pili usiku ule ule, wala msingoje asubuhi.

Kisha twende tukakae matangani. Mwenye namba 000 ana haja ya watu wa kulia naye, wa kuteka maji na kupika, na wa kumsindikiza kwa daktari pamoja na watoto waliobaki. Hayo ndiyo tunayoweza kumpa kwa hakika. Mshitakiwa hatuwezi kumpa, maana hatunaye.